Mama Biblio Anajibu: Profesa Mwenye Makala 312

Mwezi huu barua karibu zote zinagusa kitu kimoja. Kuna tangazo linazunguka kwenye simu za Lubumbashi, la profesa wa kansere aliye Ulaya, picha yake amevaa koti jeupe na chini yake msururu wa hesabu. Wengine mmeniuliza habari zake, wengine limewakumbusha maprofesa wenu wa hapa, na mmoja ameniuliza habari zangu mimi. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa mkutubi wa fakilte ya tiba hapa mjini mpaka pansheni. Jina la Mama Biblio walinipa wanafunzi, nami sikulikataa.

Tutume feza?

*Jambo Mama Biblio. Mimi ni fundi wa friji, niko Katuba. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, amepatikana na kansere ya titi. Mtu wa kikundi chetu cha sala ametuletea lile tangazo: profesa ana makala 312, amenukuliwa mara 14,600, indeksi yake ya h ni 58. Anatazama makaratasi ya mgonjwa kwa mbali na kutoa shauri. Malipo ya kwanza ni dola 400. Familia imekaa, nusu tumekwisha kuchanga. Mdogo wangu anasema mwenye hesabu hizo hawezi kuwa mwongo. Mimi hata sijui ni hesabu za nini. Tutume?*
*Papa Friji, Katuba*

Papa, poleni sana, na shemeji umpe pole yangu. Jibu kwanza, maelezo baadaye: msitume, walau bado. Sisemi profesa ni mwongo. Simjui, na hesabu zake huenda zote ni za kweli. Tabu ni kwamba hata zikiwa za kweli, hazisemi chochote juu ya kile mnachotaka kujua, yaani kama atamsaidia mama huyu.

Makala 312 ni maandishi 312 ambamo jina lake limo. Limo wapi? Hapo ndipo pa kutazama. Kwa desturi ya watu wa tiba, jina la kwanza ni la aliyebeba kazi na kuiandika, la mwisho ni la mkubwa wa labo aliyeiongoza. Katikati wanapangwa wengine: aliyepiga hesabu za takwimu, aliyekata vipande vya uvimbe na kuvisoma kwenye hadubini, aliyeleta wagonjwa, na mara nyingine mkubwa ambaye hakufanya lolote ila hakuna aliyethubutu kumwacha nje. Majaribio makubwa ya dawa za saratani yana majina kwa makumi, maana kila hospitali iliyoandikisha wagonjwa inaweka mtu wake. Basi mtu anaweza kuwa na makala 312, na zilizotoka mkononi mwake zikawa arobaini. Arobaini ni nyingi, Papa! Lakini hizo arobaini ndizo ningezifungua, nione anashughulika na nini. Saratani ni magonjwa mengi yanayolala chini ya jina moja. Aliyetumia maisha yake kwenye chembe za damu za panya anaweza kuwa bingwa wa kweli, na asijue la kumwambia mwanamke mwenye uvimbe wa titi.

Kunukuliwa mara 14,600: kila mtafiti mwingine anapoandika makala na kuorodhesha ya huyu profesa mwishoni, inahesabiwa moja. Sasa kunukuliwa ni kama kutajwa jina kwenye kilio. Huyu anakutaja kwa sifa, yule anakumbusha deni lako, na kompyuta inaandika mmoja, wawili. Tena kuna makala ambazo kila mtu analazimika kuzitaja. IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO lililoko Lyon, pamoja na wenzao wa Chama cha Saratani cha Marekani, hutoa makala ya takwimu za saratani za dunia nzima. Ile yenye takwimu za 2022 inasema wagonjwa wapya walikuwa karibu milioni 20 na vifo milioni 9.7. Yeyote anayeandika juu ya saratani huanza na mstari huo. Memwari, yaani tasnifu za wanafunzi, zilizopita mezani kwangu zilikuwa zikianza hivyo hivyo, mpaka nikawa naruka ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo makala zile zimenukuliwa makumi ya maelfu ya mara. Kazi nzuri, ya lazima. Ila ni kazi ya kuhesabu wagonjwa, na pale ambapo nchi haina rejista kamili ya saratani, hesabu inakadiriwa kwa kutazama majirani.

Indeksi ya h ndiyo inayowatisha watu kwa sababu ina herufi. Ilitungwa 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa San Diego huko California. Unazipanga makala zote za mtu, iliyonukuliwa sana juu, iliyonukuliwa kidogo chini. Unashuka ukihesabu. Ukifika makala ya 58 na ukakuta imenukuliwa mara 58 au zaidi, halafu ya 59 haikufikisha 59, basi h ni 58. Haina siri nyingine. Na ina vituko vyake. Haishuki kamwe, hata mtu akiacha kazi na kufuga kuku. Haiwezi kupita idadi ya makala zake: mwenye makala tano zilizotikisa dunia nzima ana h ya 5, na mzee aliyeandika makala za wastani kwa miaka arobaini atampita mbali. Isitoshe, watu wa saratani ni wengi na wananukuliana kwa wingi, kwa hiyo h zao hunenepa kuliko za wanahisabati.

Sasa hili la mdogo wako, kwamba mwenye hesabu kubwa hawezi kuwa mwongo. Mwambie habari ya Johannesburg, maana ni habari ya titi hasa. Werner Bezwoda alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1995 alichapisha katika Journal of Clinical Oncology, moja ya majarida makubwa kabisa ya fani hiyo, kwamba wanawake ambao saratani ya titi ilikwisha kuenea mwilini walipona vizuri zaidi wakipewa kemoterapi kwa dozi kubwa mno, kisha wakirudishiwa chembe zao za uboho. Matibabu hayo ni mateso. Yanaharibu uboho, na wapo wanaokufa kwa hayo matibabu yenyewe. Lakini profesa alikuwa amechapisha, na wenzake walimtaja. Mwaka 1999 akasimama kwenye mkutano mkuu wa madaktari wa saratani wa Marekani na matokeo mengine mazuri, wakati tafiti za wengine kwenye mkutano huo huo hazikuona faida. Hilo ndilo lililowasumbua watu. Mwanzoni mwa 2000 Wamarekani wakaja Johannesburg kuomba mafaili ya wagonjwa. Mafaili mengi hayakuonekana, na yaliyoonekana hayakukubaliana na alichosema. Akakiri, chuo kikamfukuza, na makala ya 1995 ikafutwa rasmi mwaka 2001. Nukuu zake, Papa, hazikufutwa. Kompyuta bado inazo.

Yuko na wa Norway, Jon Sudbø, wa saratani ya kinywa. Makala yake ya 2005 katika Lancet, jarida kubwa la tiba, ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 900, wote wa kubuni. 250 kati yao walizaliwa tarehe moja. Wahakiki, yaani wataalamu wanaoikagua makala kabla haijachapishwa, walisoma, wakapitisha. Ilifutwa 2006.

Siwaambii haya ili muwaogope watafiti. Nimewapenda maisha yangu yote, ndiyo maana nilikaa na majarida yao kwenye joto lile. Nataka tu mtenganishe vitu viwili ambavyo tangazo linavichanganya. Chukueni tamoksifeni, kidonge ambacho shemeji anaweza kabisa kuja kuandikiwa. Kilitengenezwa Uingereza miaka ya 1960 kikitafutwa kiwe cha kuzuia mimba, kikashindwa kazi hiyo. Mmoja wa waliokiokoa ni V. Craig Jordan, aliyefariki 2024. Ndiye aliyeonyesha kwenye panya jinsi kinavyozuia homoni ya kike isiulishe uvimbe. Makala zake zimebadilisha maisha ya wanawake wengi ambao hawajui hata jina lake. Naye alikuwa mtaalamu wa famakolojia, hakuwa mganga wa kutibu. Ungempelekea makaratasi ya shemeji, kwa uungwana wake angekwambia rudi kwa daktari wako.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mwulizeni daktari wa shemeji kama kipande cha uvimbe kimechunguzwa, na kama kimepimwa vipokezi vya homoni na kitu kinachoitwa HER2. Majibu ya hapo ndiyo yanayoamua kama atapewa kidonge, kemoterapi, upasuaji kwanza au baadaye. Bila karatasi hiyo, hata mwenye h ya 200 atakuwa anapiga ramli. Kama hakijapimwa, zile dola mlizochanga zina kazi hapa hapa, kabla ya kuvuka bahari. Na huyo profesa, mwandikieni maswali mawili: ana leseni ya kutibu wagonjwa katika nchi gani, na anahusika na hospitali gani ambayo sisi wenyewe tunaweza kuipigia simu? Akijibu vizuri, niandikie tena. Akijibu kwa kuwatumia orodha ya makala, mmekwisha kupata jibu. Mimi binafsi sijapata kuona mtafiti mkubwa anayeandika h yake chini ya picha yake kwenye tangazo la kuomba dola, lakini hayo ni maoni ya bibi mmoja wa maktaba.

Na muda, Papa. Msikae vikao vingi. Uvimbe haungoji mchango utimie.

Profesa wetu ana makala nne tu?

*Mama, shikamoo. Niko mwaka wa nne, chuoni Kasapa. Baada ya lile tangazo tulimtafuta profesa wetu mmoja kwenye Google Scholar, ukurasa wa kutafutia makala za wataalamu; ni mtu tunayemheshimu sana. Tukakuta makala nne. Halafu kwa jina linalofanana tukakuta mwingine mwenye makala mia mbili, za samaki. Rafiki yangu anayesoma Kigali ananicheka. Je, walimu wetu hawaandiki?*
*Mwanafunzi, Kasapa*

Marahaba mwanangu. Mwache rafiki acheke, halafu mwulize yeye anaitwa nani. Kama ana majina mawili tu, mashine inamwelewa. Sisi tuna nom, postnom na prénom, yaani jina, jina la pili la ukoo, na jina la ubatizo. Tangu Mobutu alipoleta uotentisite, siasa yake ya kurudi kwenye uasili, mwaka 1972, watu wakaacha majina ya ubatizo na kujipatia postnom ya ukoo, kisha ubatizo ukarudi baadaye, na sasa tunaandika yote matatu kwa mpangilio wowote ule. Mwenye jarida la Uholanzi anatazama majina matatu na kujichagulia lipi ni la ukoo. Makala hii anaandika la kwanza, ile anaandika la pili, nyingine anaunganisha mawili kwa kistari. Profesa wako hana makala nne. Amekatwa vipande, na kila kipande kina nne zake. Na Ilunga au Mwamba au Ngoy wako wangapi Katanga nzima? Huyo wa samaki ni mtu mwingine, naye maskini huenda amebebeshwa makala za tiba bila kujua.

Nikupe mfano ambao unaweza kuuona mwenyewe. Profesa wa UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anayechunguza sumu za madini katika miili ya watu wa huku, kwenye makala maarufu ya 2009 katika jarida la Environmental Research ameandikwa kwa jina la ukoo Banza tu. Kwenye ile ya 2018 katika Nature Sustainability ameandikwa Banza Lubaba Nkulu. Mtu ni yule yule. Mwanadamu anatambua mara moja. Mashine inaweza kuhesabu wawili. Dawa yake ipo tangu 2012, inaitwa ORCID: namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti anajiandikisha bure na kuibeba maisha yake yote, jina liandikwe vyovyote. Mwambie profesa wako. Ukimkuta hana muda, kaa naye nusu saa umfungulie.

Kuna jambo la pili, nalo si la mashine. Vitabu vya kuhesabu nukuu vilianza Philadelphia, ambako Eugene Garfield alitoa Science Citation Index mwaka 1964, na majarida yaliyochaguliwa kuingia humo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Kiingereza. Mwalimu aliyeandika kwa Kifaransa katika jarida la chuo chake, lililopigwa chapa nakala chache na kufungiwa kabatini, kwa kompyuta hakuandika kitu. Mimi nimezishika kazi hizo kwa mikono yangu. Nyingine zilikuwa dhaifu, sitakudanganya. Nyingine zilikuwa na wagonjwa waliofuatwa nyumba kwa nyumba kwa subira ambayo siioni tena.

Na kwa kuwa wewe ni mtoto wa mgodi kama mimi, soma ile ya 2009 yenyewe, usiishie kwenye idadi ya nukuu. Walikusanya mkojo wa watu 351, wakapima kobalti na metali nyingine. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi. Ile ya 2018 ilikwenda Kasulo, pale Kolwezi ambapo watu walichimba chini ya nyumba zao, wakakuta kobalti kubwa zaidi kwa watoto, pamoja na dalili za kuharibika kwa DNA. Hakuna makala kati ya hizo mbili inayosema watu wa Kasulo wana saratani; soma hapo kwa makini, maana watu wanapenda kuwaongezea. Lakini mwaka 2022 IARC waliketi Lyon kupima ushahidi wote wa dunia na kuiweka metali ya kobalti kwenye kundi la 2A, yaani huenda husababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi huo ulitegemea zaidi wanyama wa maabara na jinsi metali inavyofanya kazi ndani ya chembe. Sasa fikiria: nani atakayeeleza maana ya 2A kwa mama anayeosha mawe mtoni, kama si mtu aliyekwisha kuupima mkojo wake? Kwenye h ya mtu sehemu hiyo haimo.

Siku saba, dola 250

*Mama Biblio, mimi ni asistanti, nataka kupanda kuwa shefu de travo, ngazi inayofuata ya walimu wa chuo, na ninahitaji makala. Nimepata barua pepe kutoka jarida la kimataifa la saratani: wanachapisha ndani ya siku saba, dola 250, na wana kipimo cha athari cha 7.8. Pia mkubwa wangu anataka jina lake liwe la kwanza ingawa data nimekusanya mimi, na makala nimeandika mimi. Nifanyeje?*
*Asistanti aliyechoka*

Mwanangu, la kwanza ni rahisi: futa hiyo barua pepe. Hakuna wahakiki wa kweli wanaomaliza kusoma makala ya saratani kwa siku saba, kuirudisha na maswali, wewe ukayajibu, nao wakasoma tena. Wahakiki wanafanya kazi hiyo bure, usiku, baada ya wagonjwa wao. Jarida lile linauza ukurasa kwenye intaneti. Ukilipa utakuwa na makala ambayo jopo la kupandisha vyeo linaweza kuikataa, na huwezi kuitoa tena ukaipeleka kwingine kwa heshima.

Hiyo 7.8 ndiyo inayonichekesha. Kipimo cha athari cha jarida kilikuwa chombo chetu sisi wakutubi! Garfield alilitaja wazo hilo 1955, na baadaye likatusaidia kujua jarida lipi linasomwa, ili feza kidogo ya maktaba isipotee. Unachukua makala za jarida za miaka miwili iliyopita, unatazama mwaka huu zimenukuliwa mara ngapi, unagawanya kwa idadi yake. Ni wastani wa jarida zima. Wakubwa wa vyuo wakakichukua wakaanza kuwapimia watu, na matapeli wakaona soko. Sasa kuna makampuni yanayouza vipimo vya kubuni kwa majarida ya kubuni. Mkutubi mwenzangu Jeffrey Beall wa Colorado aliyaorodhesha majarida ya namna hiyo miaka kadhaa mpaka akaifunga orodha yake Januari 2017, kwa shinikizo kubwa. Kwa upande wa watafiti wenyewe, kuna tamko la San Francisco, walilolianza Desemba 2012, linalosema kipimo cha jarida kisitumike kumpimia mtu anayeomba kazi au cheo. Vyuo vingi vimetia saini. Kusaini ni rahisi.

Basi peleka wapi? Tafuta kwanza jarida lako ndani ya PubMed, orodha ya makala za tiba kwenye intaneti, ambayo ni bure. Pan African Medical Journal inaonekana humo na inapokea Kifaransa. Madaktari wengi wa hapa wamepitia hapo. Wachapishaji wakubwa wengi wanawasamehe ada waandishi wa nchi kama yetu, lakini sharti uombe wakati unawasilisha. Ukingoja makala ikubaliwe ndipo ulie, umechelewa. Na kabla ya kuandika, soma. Kupitia Research4Life, ambayo WHO na wachapishaji walianza na tawi lake la Hinari mwaka 2002, taasisi za Kongo zinaingia kwenye maelfu ya majarida bila kulipa. Nenda kwa mkutubi wako umwombe neno la siri. Wengi wenu hamjawahi hata kumsalimu.

La mkubwa wako ni gumu zaidi, na sitajifanya shujaa kwa mdomo wakati wewe ndiye utakayekutana naye koridoni kesho. Kanuni ziko wazi: kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, walioanza mikutano yao Vancouver mwaka 1978, wanataka mwandishi awe amechangia kazi yenyewe, ameandika au kuirekebisha kwa maana, ameikubali ilivyo mwishoni, na yuko tayari kuijibia. Kukupa ofisi hakumo. Lakini usimpelekee kanuni mkononi kama hati ya mahakama. Mwendee na rasimu, umwambie kwa heshima: "Papa Profesa, jarida wanaomba tueleze kila mmoja alifanya nini, naomba tuijaze pamoja." Majarida mengi kweli yanaomba hivyo siku hizi. Ukikaa naye mkajaza, nani alikusanya data, nani aliandika, karatasi itasema yenyewe, na yeye atapata nafasi ya mwisho ambayo kwa watu wa tiba ni ya heshima kubwa. Wengi hawalijui hilo. Wanang'ang'ania ya kwanza kwa sababu ndiyo inayosomwa kwa sauti siku ya sherehe. Akikataa hata hapo, andika ya pili haraka, peke yako au na mwenzako.

Iliyoandikwa huku Afrika

*Nafundisha biolojia Likasi. Naomba mfano mmoja wa makala ya kansere iliyoandikwa Afrika ikabadilisha dunia, ili watoto wasidhani yote yanatoka ng'ambo.*

Mwalimu, iko, na mwanzoni hakuna aliyeijali. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland mwenye jicho moja, alikuwa hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona watoto wenye uvimbe wa taya, mara nyingi pande zote mbili, wakifa upesi. Mwaka 1958 akachapisha wagonjwa 38 katika British Journal of Surgery. Jarida la wapasuaji! Watu wa saratani hawakulisoma. Ungempimia h yake wakati huo, ungemwambia arudi kushona ngiri. Akanunua gari la mkono wa pili na mwaka 1961, pamoja na madaktari wawili, akaendesha kama kilomita 16,000 kutoka Uganda kwenda kusini, akipita hospitali moja baada ya nyingine na picha mkononi akiuliza: mmeona mtoto kama huyu? Akaona uvimbe unafuata joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi haukuonekana sana. Mapema mwaka huo huo, kabla ya safari hiyo, alikuwa ametoa mhadhara London, na aliyekaa ukumbini ni Anthony Epstein, mtu wa virusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kimoja kilikwama kwa ukungu, ndege ikashushwa Manchester, chupa ikafika ikiwa na maji ya ukungu kama imeoza. Epstein hakuitupa. Chembe zilikuwa hai, zikaota, na mwaka 1964 yeye na Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakatangaza katika Lancet virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Waongezee watoto kwamba Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza 1967 kwa ajili ya wagonjwa hao hao, na Charles Olweny, Mganda, akaja kuiongoza wageni walipoondoka wakati wa Amin. Na tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya tiba ya Marekani, ya 1972 kwa kemoterapi ya uvimbe huo, pamoja na Burkitt, ilikwenda pia kwa Victor Anomah Ngu wa Kamerun. Waambie watafute Kamerun kwenye ramani.

Na wewe?

*Mama Biblio, wewe unayewapima wengine, h yako ni ngapi?*
*Mchokozi, Bel Air*

Sifuri. Niko kwenye shukrani za memwari, kati ya mchungaji na mpiga chapa, na mara nyingi jina wamelikosea.